Maji ya Kusuuzia

"Mashine ya kuokoa maji!" Mama Saluni alipiga kofi moja kama mtu anayeua mbu. "Inayaokoa halafu inayapeleka wapi? Maana kwenye tangi hayapo, bombani hayapo, na kichwani kwa mteja wangu hayapo!"

Alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake, kitana kimechomekwa kwenye kilemba, glavu za plastiki bado mikononi. Nyuma yake, kwenye korido, mteja mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli, kichwa kizima kimepakwa dawa ya kulainisha nywele, anajipepea kwa mfuniko wa ndoo.

"Dada, inaniwasha," alisema mteja.

"Najua inakuwasha, mpenzi. Ndiyo maana nagombana."

Nesi, aliyekuwa amerudi kutoka kazini muda huo na hajavua hata viatu, alijaribu kucheka kidogo, akaona kicheko hakina pa kukaa. "Shoga, mashine leo haijawashwa. Tumefua jana."

"Na jana maji yaliisha. Na juzi yaliisha. Toka mlipandishe lile dude lenu humu, tangi linajazwa asubuhi, mchana ukigonga linalia kama ngoma. Kabla yake tulikuwa tunafika mpaka asubuhi ya kujaza tena. Au nasema uongo?"

"Dada, jamani, utosi!" alilia mteja.

Kabla Nesi hajajibu, mama mkwe wake alipita katikati yao amekumbatia dumu la maji ya kunywa. Jengo zima lilimwita Bibi, na Bibi hakuwa mtu wa kuomba njia. Alimwinamisha yule mteja juu ya karai, akakinga macho yake kwa kiganja, akamimina pole pole, huku vidole vyake vinapita katikati ya nywele, nyuma ya masikio, kisogoni, mpaka maji yakaanza kutoka meupe, halafu safi.

"Pole, mwanangu. Bado panauma?"

"Hapana, Bibi. Mungu akuweke."

Mama Saluni alitulia kidogo, maana ni vigumu kuendelea kumgombeza mtu ambaye mama mkwe wake amekumalizia kazi yako. "Asante, Bibi," alisema. Halafu akakumbuka alichokuwa amekuja kufanya. "Lakini hili jambo nalipeleka kwa Mwalimu. Leo leo."

Bibi alifunga mfuniko wa dumu. Halikuwa na kitu tena, lakini aliukaza sana, kama vile kuna cha kumwagika.

Ukweli ni kwamba Bibi alijua maji yanakokwenda. Yalikuwa yanakwenda bafuni kwao, kwenye mabeseni, kila asubuhi baada ya mwanawe na mkwewe kuondoka.

Mashine ilikuwa nzuri kwa macho. Nyeupe, ina kioo mbele kama dirisha la meli, na sauti ndogo ya heshima. Lakini Bibi alikuwa ameketi mbele ya kile kioo siku ya kwanza na kutazama mwanzo hadi mwisho, na alichokiona hakukiita kufua. Nguo zilikuwa zinageuzwa geuzwa kwenye maji yasiyotosha kumwogesha paka. Zikasimama. Zikageuzwa tena. Zilipotoka, zilikuwa zimekamuliwa vizuri, kweli, na zilinukia. Ila alipofikicha kola ya shati la mwanawe, vidole viliteleza. Sabuni ilikuwa bado imelala humo humo. Shuka jeusi lilikuwa na michirizi kama limepakwa chaki. Wiki ile ile mwanawe akaanza kujikuna tumbo, akasema ni joto.

Basi Bibi alipata utaratibu wake. Alikuwa akisikia hatua zao zikishuka ngazi, anahesabu mpaka mlango wa chini ubamizwe, kisha anabeba nguo zote zilizofuliwa na mashine usiku wa jana, anajifungia bafuni, anazisuuza upya. Beseni la kwanza povu. La pili povu. La tatu maji ya maziwa. Ovaroli za mwanawe, fundi magari ambaye kwa wote alikuwa Grisi, zenyewe alizifua kabisa, maana mashine ilikuwa inazilamba tu na kuzirudisha na mafuta yake. Akimaliza alizikamua kwa mikono ile ile ambayo daktari alisema isikamue tena hata kitambaa cha meza, akapanda nazo juu ya paa kuanika.

Jioni Nesi alikuta nguo zimekauka na kukunjwa. "Mama, mashine hii!" alikuwa akisema, akiipeleka sare yake nyeupe dirishani. "Tazama inavyong'aa."

"Inang'aa," Bibi alikuwa akijibu, mikono chini ya khanga.

Kwa nini hakusema? Kwanza kulikuwa na maneno ya mwanawe. Siku alipomkuta amekaa pembeni ya beseni, kabla mashine haijanunuliwa, viganja vimevimba, hawezi kuvifumba hata kushika kikombe, Grisi alisema kwa hasira ya mtu aliyeogopa: "Mama, nikikukuta tena umeinamia beseni, nakupakia kwenye basi nakupeleka kwa dada. Kule kuna msaidizi. Utapumzika utake usitake."

Kwa dada kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na geti, na sofa lenye sehemu ya kuwekea miguu. Bibi aliwahi kukaa huko. Waliondoka wote asubuhi, wakamwashia televisheni, na jioni wakarudi wakamuuliza kama amekula. Hakuna aliyegonga mlango kuomba chumvi. Hakuna aliyegombana na mtu. Huku kwa Grisi, Bibi alijua nani kaoa, nani kapigiwa simu na nani, mtoto wa nani ana kikohozi. Alilala huku anasikia majirani wakibishana ukutani, akapata usingizi mtamu.

Na sababu ya pili ilikuwa ngazi. Grisi na wenzake wa gereji waliipandisha ile mashine kwa mabega mpaka ghorofa ya tatu, majirani wamejaa milangoni wanashangilia kama wanaleta bi harusi. Alipoiweka chini alikuwa anahema, shati limemganda mgongoni, akamwangalia mama yake akasema, "Umepumzika sasa, Mama." Mbele ya watu wote. Ni mama gani angekuja baadaye kumwambia mwana huyo kwamba kitu chake hakisuuzi?

Mwalimu alikuwa mstaafu wa ghorofa ya juu kabisa, aliyeshika funguo za pampu na, pamoja nazo, haki ya kuitisha kikao. Kikao kilifanyika kwenye ngazi kama kawaida, kila mtu na kipandio chake. Muuza mitumba wa chini alikaa karibu na mlango ili asikie wateja. Mama Saluni alisimama, kwa sababu akikaa hasemi vizuri.

"Kwa ufupi," alisema Mwalimu, ambaye hakuwahi kusema kwa ufupi, "ama mashine itoke, ama koki ya nyumba yenu ifungwe mpaka itoke. Tangi ni letu sote."

"Mwalimu, mashine ile inatumia maji kidogo kuliko mswaki wako," alisema Grisi.

"Hayo umeambiwa na aliyekuuzia," alidakia Muuza mitumba. "Na mimi wateja wangu nawaambia suruali haijavaliwa."

Watu wakacheka. Grisi alicheka nao, lakini masikio yalimwiva. Kutwa nzima watu walimletea magari yao, wakamwamini akisema bomba fulani linavuja. Hapa kwenye ngazi za nyumbani kwake alikuwa mtu aliyeuziwa kopo.

"Sawa," alisema. "Jumamosi njooni kwangu wote. Nitawasha mashine mbele yenu, nitakinga kila tone linalotoka. Likizidi mnavyofua nyinyi kwenye makarai yenu, naishusha mwenyewe. Lisipozidi, mtaniomba radhi hapa hapa, mmoja mmoja."

"Na mimi nitakuja na stuli yangu," alisema Mama Saluni.

Bibi alikuwa amekaa kipandio cha juu anachambua mchele kwenye ungo. Mkono wake ulisimama. Jioni alimfuata mwanawe jikoni.

"Baba, kwani lazima? Irudishe tu dukani, tuishi na watu vizuri."

Grisi aligeuka kama amechomwa. "Niirudishe? Halafu nani afue, Mama? Wewe?"

Bibi alisema hapana, si yeye. Akaufunika mchuzi ambao ulikuwa umeshafunikwa.

Jumamosi nyumba ilijaa. Waliokosa kiti walikaa kwenye mkono wa kiti, waliokosa mkono wa kiti waliegemea friji. Kwa vile wageni ni wageni hata wakija kukushtaki, Nesi alikuwa amepika chai, na vikombe havikutosha, wakawa wanapokezana. Siku nyingine Bibi angekuwa amefurahi mpaka basi.

Grisi alichomoa bomba la kutolea maji kutoka kwenye sinki akalitia kwenye ndoo. Nesi akapakia shuka na foronya, akamimina sabuni ya unga, akafunga mlango. Mashine ikabofya, ikavuta maji yake kwa adabu, ikaanza kuzunguka.

Ikasimama.

"Imelala?" aliuliza Muuza mitumba.

"Inafikiri," alisema Grisi.

"Basi imemshinda mume wangu wa kwanza," alisema Mama Saluni, na jiko zima likaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Bomba lilikohoa, likatema maji. Mwalimu aliinama juu ya ndoo na miwani yake. Likatema tena. Mashine ilipomaliza na kulia mlio wake mdogo, kulikuwa na ndoo mbili sakafuni, na ya pili haikuwa imejaa.

"Ndiyo yote?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo yote."

Mwalimu alijiinua taratibu. "Nyumbani kwangu soksi peke yake zinazidi hapo. Mashine haina kosa."

Kulikuwa na mnong'ono, kisha mtu mmoja akapiga makofi, na Grisi akamtazama mama yake juu ya vichwa vya watu kwa uso ule ule wa siku ya ngazi. Bibi akatazama chini.

"Ngojeni," alisema Muuza mitumba, ambaye asingependa kuomba radhi mbele za watu. "Kama si mashine, basi ni nini? Maji hayana miguu. Tujiulize, ni nani humu ndani kila siku anamwaga maji kichwa baada ya kichwa?"

Watu waligeuka pole pole, kama wasiotaka, wakamtazama Mama Saluni.

"Mimi?" alisema. "Mimi nina ndoo zangu. Kila mteja ndoo yake. Miaka yote nafanya hivyo hivyo, mbona hayakuwa yanaisha?"

"Labda wateja wameongezeka."

"Wameongezeka! Ungeona kiti changu kinavyolia njaa ungesema wameongezeka?"

"Biashara haitakiwi kwenye jengo la kuishi," alisema mwingine kutoka kwenye friji. "Hata mkataba unasema."

"Tutalitazama hilo," alisema Mwalimu, na aliposema "tutalitazama" kila mtu alijua saluni imekaribia kufungwa.

Kioo kimoja, kiti kimoja cha kuzunguka, chupa zake za dawa kwenye dirisha la sebule: hivyo ndivyo vilivyomlisha Mama Saluni. Alianza kupangusa vidole vyake kwenye gauni, vile vidole vyenye madoa ya rangi ya nywele yasiyotoka, kama kwamba wakiviona vichafu watapata ushahidi.

Bibi angeweza kunyamaza. Mashine ilikuwa imeshinda, mwanawe alikuwa ameshinda, na yeye mwenyewe asingeondoka. Kesho asubuhi angefungua bomba taratibu zaidi, basi.

"Mwacheni," alisema Bibi. "Maji namwaga mimi."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini ni jengo lililozoea kusikiliza. Akapita katikati ya watu, akafungua mlango wa mashine, akatoa foronya, akaikamua juu ya ndoo. Kati ya vidole vyake likachuruzika povu jeupe, zito.

"Hii imesuuzwa? Haijasuuzwa. Hakuna iliyowahi kusuuzwa. Kila asubuhi wakishaondoka nazirudia zote bafuni, beseni kwa beseni, mpaka maji yatoke safi. Huyu dada hana kosa. Nilimsikia anagombana mlangoni na nikajua ni mimi, nikanyamaza. Mnisamehe."

Grisi alikuwa bado ameshika bomba. Maji yaliyobaki yalikuwa yanamdondokea kwenye kidole gumba cha mguu, na hakuwa na habari.

Muuza mitumba alitoa kicheko cha puani. "Kumbe dude lenyewe ni pambo! Fundi, ungeliwekea maua juu."

"Cheka tena," alisema Mama Saluni, "nikupake dawa hicho kipara uone kama kuna wa kukusuuza." Akanyanyua stuli yake. "Haya, kikao kimekwisha. Tokeni! Hamna makwenu? Mwalimu, na wewe, chai utamalizia siku nyingine."

Alikuwa wa mwisho kutoka. Pale mlangoni alimtazama Bibi, akataka kusema kitu, akavuta mlango.

Grisi aliliweka bomba sakafuni.

"Nilisema nini, Mama?" Grisi aliuliza.

"Ulisema utanipakia kwenye basi."

"Na bado..."

"Na bado. Begi langu halina mengi, nitafunga mwenyewe."

"Ningeambiwa tu! Natembea gereji kutwa najisifu. Nawaambia watu mama yangu amepumzika. Kumbe naondoka hapa unainama, narudi unaficha mikono. Umenifanya mjinga, Mama."

"Mjinga ungekuwa siku ile kwenye ngazi, mbele ya watu, kama ningesema," alisema Bibi. "Jasho lilikuwa linakuingia machoni, mwanangu. Ningekwambiaje?"

Grisi akatoka, akasimama koridoni. Walimsikia akipiga hatua mbili, akirudi, akipiga hatua mbili.

Nesi aliketi sakafuni mbele ya mama mkwe wake akaivuta mikono yake kutoka chini ya khanga. Aliigeuza, akabonyeza vifundo kimoja kimoja kama anavyofanya wodini, ila taratibu zaidi. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka, na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa cha moto.

"Nashika mikono ya watu kutwa nzima," alisema, "na hii sikuishika." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa bega. "Mama, mbona hukuniambia hata mimi?"

"Nikwambie nini, kwamba hujui kufua? Wewe ndiye uliyekuwa unaipakia ile mashine kila usiku, umechoka, unasinzia. Nisuuze kimya kimya nisikuaibishe, ndivyo nilivyoona." "Hivi, sabuni huwa unatia kiasi gani?"

"Viganja viwili."

"Viwili?"

"Vilivyojaa. Kama ulivyonifundisha nilipoolewa."

"Mimi nilikufundisha kwa lile karai kubwa! Lile la kuogeshea watoto watatu!"

"Kwenye mashine pana kijiko chake," alisema Nesi pole pole. "Kilikuja nayo. Nikakiona kidogo mno. Nikasema, Mama yuko hapa ameketi, nitaanzaje kupima kwa kijiko cha duka kama vile kiganja chake hakikunifaa?"

Walitazamana. Bibi ndiye aliyeanza. Kicheko kilianza tumboni, mabega yakatikisika, akajaribu kukizuia kwa upindo wa khanga. Nesi akamwangukia magotini. Grisi alipoingia kutoka koridoni alikuta wanawake wawili wanalia kwa kicheko, wameshikana mikono, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Walipoweza, yeye hakucheka. Alichukua kile kijiko, kilikuwa kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha, akapima sabuni kimoja. Akarudisha shuka na foronya zile zile. Akachuchumaa mbele ya vitufe ambavyo hakuwahi kuvitazama, fundi mzima, akasoma mpaka akapata cha kusuuza mara ya pili. Wote watatu wakakaa sakafuni mbele ya kioo.

"Maji bado kidogo," alisema Bibi.

"Kidogo, ndiyo. Na povu kidogo."

Ilipolia, Bibi alitoa foronya, akaifikicha, akainusa, akaisugua shavuni. Walimtazama kama wanafunzi.

"Inaelekea," alisema.

"Inaelekea tu?"

"Shuka sawa. Sare sawa. Ovaroli zako hata uzizungushe mwaka mzima humo, hazitakati."

"Ovaroli nitafulia gereji. Mwenyewe."

"Wewe?"

"Nina mikono, Mama." Alisema akiitazama ya mama yake, si yake. Kisha akainuka, akachukua kapu la nguo chafu, akaliweka karibu na mguu wa mama yake kama mtu anayeleta gari na kungoja kuambiwa shida yake. "Kesho tunaanza na zipi?"

Bibi alichungulia ndani ya kapu kwa muda mrefu kuliko kapu lilivyohitaji. "Nyeupe kwanza," alisema. "Nyeupe huwa kwanza, siku zote. Nani amekulea wewe?"

Nesi alipakua wali na mchuzi, akatandika mkeka, maana meza bado ilikuwa imejaa vikombe vya majirani. Walikuwa ndiyo kwanza wananawa aliposikika mtu mlangoni. Hakugonga. Alikuwa anakohoa tu, kama anayepita.

"Nani huyo?" Grisi aliita.

"Ni mimi. Sikai," ilisema sauti ya Mama Saluni kutoka nje. "Nimekuja tu kusema... Yaani, yale ya juzi. Na leo. Bibi, ungeweza kunyamaza. Basi, nilitaka kusema hivyo. Mpo kwenye chakula, nitarudi kesho."

Grisi alitaka kuinuka, lakini Bibi alikuwa ameshatangulia. Alishika kitasa kwa mikono miwili, akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Nyumbani kwangu watu hawasemei nje," alisema. "Vua viatu, unawe, uje ule. Grisi, sogea."